Siku saba kwenye njia ya tope, kutoka Mgeta hadi Hanang

Jumatatu, 16 Juni 2025. Morogoro hadi Nyandira

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari kwa miaka kumi na tisa, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya maporomoko ya ardhi huchora ubaoni mchoro ule ule: mlima, mshale unaoshuka, na kijumba chenye paa la pembetatu kwenye ncha ya mshale. Mwanzoni mwa mwaka jana, wiki chache baada ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang kuua watu 89 alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mwanafunzi wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza kwa nini watu wa kwenye mchoro walijenga pale. Nilimjibu kwa maneno ya kitabuni, umaskini na uhaba wa ardhi, naye akaketi bila kuridhika. Mimi pia sikuridhika. Safari hii ya likizo ni jibu la swali lake, ingawa limechelewa na yeye sasa yuko kidato cha nne.

Nimeamua kuanzia mbali na Hanang, kwenye Milima ya Uluguru, kwa sababu huko yalitokea maporomoko yaliyochunguzwa kwa makini kuliko mengi mengine nchini, na kwa sababu yana umri wa miaka 55. Hanang bado ni mbichi. Uluguru inaweza kunionyesha kile ambacho watu huifanyia ardhi iliyoporomoka nusu karne inapokwisha kupita.

Lori lililonipandisha lilikuwa likifuata kabichi. Tuliiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, tukapita Mlali, kisha tukaanza kupanda kwa kona ambazo dereva alizikata huku akimsimulia utingo wake habari za mpira. Nyandira tulifika jua linazama, na baridi ya huko mwezi Juni si ya kudharau. Nimelala na koti.

Jumanne, 17 Juni. Mgeta

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha hapa Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu, na ikaichana milima hii mahali zaidi ya 1,000. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Uppsala, Sweden, vilikuwa na mradi wa pamoja wa kuchunguza mmomonyoko wa udongo, kwa hiyo wataalamu walikuwapo karibu na wakaja kuyapima makovu yangali mapya. Paul Temple na Anders Rapp walichapisha taarifa yao mwaka 1972. Maporomoko mengi, kwa mujibu wao, yalikuwa madogo na ya juu juu, kina chake mita moja au kuzidi kidogo, na karibu yote yalianzia kwenye mashamba, kwenye ardhi iliyopumzishwa na kwenye nyasi; yaliyoanzia chini ya miti yalikuwa machache mno.

Nikifundisha jambo hili huwa nawakumbusha wanafunzi kazi ya kukandika nyumba. Udongo mkavu haushiki ukutani, unamwagika. Ukiutia maji kiasi, chembe zake zinashikana na unaweza kuubandika hata mahali palipoinama. Ukizidisha maji, tonge zima linateleza na kudondoka miguuni pako, ingawa udongo ni ule ule na ukuta ni ule ule. Mteremko wa mlima hufanya hivyo hivyo kwa kipimo kikubwa. Maji kidogo yaliyomo kati ya chembe huzivuta pamoja. Maji yanapojaza kila uwazi huanza kuzisukuma zitengane, na uzito wa udongo ulioloa unaongezeka wakati ule ule ambao nguvu ya kujishikilia inapungua. Mizizi ya miti husaidia kwa sababu hupita katika tabaka lile la mita moja na kulishona kwenye tabaka la chini.

Kijana aliyenitembeza ana miaka kama thelathini, amezaliwa hapa, na hakuweza kunionyesha kovu hata moja la mwaka 1970. Tulizunguka tangu asubuhi katika mashamba ya kabichi, karoti na njegere yaliyopangwa kwa ngazi, na mimi nilikuwa nikiona kovu kila palipokuwa na kijibonde. (Matuta haya ya ngazi nayo yana historia yake. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuyalazimisha Uluguru, watu waligoma, na mwaka 1955 zikatokea ghasia. Hapa Mgeta leo hakuna anayelazimishwa, na yamejaa hadi kileleni.) Hatimaye kijana akanipeleka kwa bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo penye jua."

Mwaka 1970 alikuwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo. Alisema mvua ile ilianza kama mvua nyingine, kisha wakasikia sauti kama ya watu wanaoburuta mbao, na kulipotulia mlima ulikuwa umechubuka kila mahali, kama mtoto aliyeanguka akaumia magoti na viwiko. Nilipomwomba anionyeshe kovu, hakuinuka. Alinyoosha kidevu kuelekea nyumba ya tofali ya mjukuu wake, yule yule aliyenitembeza siku nzima. Imejengwa ndani ya kovu. Kwa nyuma yake kweli ukingo umepinda kama mwezi mchanga, na mbele yake udongo ulioshuka umefanya kiwanja.

Nilimuuliza kwa nini wakajenga hapo wakati aliona kwa macho yake.

"Palipovunjika ndipo pa tambarare, mwanangu. Mlima wote huu umesimama. Ukipata mahali pa kuweka kitanda kisiegemee upande mmoja, utaacha?"

Kijana alikuwa akisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Aliiangalia nyumba yake kwa muda, halafu akaniuliza kama bado nina nafasi ya kununua karoti kabla lori halijaondoka. Nilinunua. Jioni nimeshuka Morogoro.

Jumatano, 18 Juni. Morogoro, Dodoma, Kondoa, Babati

Siku ya njiani. Treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi la Babati kwa barabara ya Kondoa. Milima ya Kondoa ina makorongo mekundu ambayo wapita njia huyapiga picha. Serikali ilianzisha Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye milima hiyo ili majani yarudi. Yalirudi. Lakini huko ni mmomonyoko wa polepole, udongo unaokwenda gramu kwa gramu miaka na miaka, nao haunihusu safari hii. Nimefika Babati saa mbili usiku nikiwa na vumbi hadi masikioni.

Alhamisi, 19 Juni. Babati hadi Katesh

Ukitoka Babati kwa barabara ya Singida, Hanang inajitokeza mapema na haiondoki tena mbele ya kioo cha gari. Ni volkano iliyolala, yenye kimo cha mita 3,420 hivi kutoka usawa wa bahari, imesimama peke yake juu ya nchi tambarare ya alizeti, ngano na malisho ya Wabarbaig. Mlima uliojitenga namna hiyo hukamata mawingu ambayo tambarare haiyapati, na ndiyo sababu watu, Wairaqw na Wabarbaig na wageni waliokuja kwa biashara, wamejikusanya kwenye nyayo zake. Maji yake ndiyo yaliyojenga mji wa Katesh. Nakuomba msomaji uishike sentensi hiyo, kwa sababu kesho nitaitazama kwa upande wake wa pili.

Mji umeshafagiliwa. Aliyezoea picha za Desemba 2023, magari yaliyofukiwa hadi vioo na magogo makubwa yaliyolala katikati ya mitaa ya maduka, anaweza kupita hapa asitambue kitu. Barabara kuu iliyokuwa imezibwa na tope, ikafunguliwa kwa vijiko na greda, leo imejaa bodaboda. Ni ukikaribia kuta ndipo unapoona. Katika uchochoro mmoja nyuma ya soko kuna ukuta uliopakwa chokaa, na chokaa imeshindwa kuficha mstari wa rangi ya kahawia uliopita sawasawa juu ya swichi ya taa. Fundi cherehani anayefanya kazi kwenye kibaraza chake aliniona nikiupima kwa kiganja.

"Wengi huja na futi," alisema. "Wewe mwalimu?"

Nilikiri. Alinisimulia kwamba cherehani yake ilichimbuliwa siku ya nne, akaisafisha kwa mafuta ya taa kwa wiki mbili, na sasa inashona vizuri isipokuwa inapiga kelele. Kisha akavuta droo ndogo iliyo chini ya meza yake, ile ya kuwekea bobini. Ndani kulikuwa na kitonge cha tope kilichokauka na kufuata umbo la droo kwa pembe zake zote nne, na ndani ya kitonge kimekwama kifungo cheupe cha shati la shule. Hakukitoa. Alisema mteja mwenye shati hilo hajarudi, naye hajui kama ni kwa sababu amehama au kwa sababu nyingine.

Mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutahadharisha mapema juu ya mvua za El Niño. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na joto, na Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Mambo hayo mawili yakikutana, Afrika Mashariki hupata mvua za vuli zisizo za kawaida, na Novemba 2023 mafuriko yalienea kutoka Somalia hadi Kenya hadi kwetu. Lakini tahadhari ya mvua nyingi kwa mkoa mzima haimwambii fundi cherehani kwamba Jumapili fulani alfajiri, korongo fulani litashuka. Tope lilipofika Katesh, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi. Alikatisha safari, na tarehe 7 Desemba alikuwa hapa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa amekwishatangulia na kuongoza kuaga miili.

Siku zile za kwanza uvumi ulikuwa mwingi kwamba volkano imeamka. Serikali ilituma wataalamu, na maelezo yao yalikuwa mafupi: hakukuwa na mlipuko wala tetemeko, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikazidiwa, ikameguka, ikawa tope.

Ijumaa, 20 Juni. Kupanda korongo

Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo mtu hapandi bila kibali na mwongozaji. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa njia ya Jorodom, ambayo inaanzia karibu na mji, lakini nilikuwa nimemwomba mwongozaji wangu tusiharakie kilele. Nilitaka korongo.

Mtu anayesikia neno "maporomoko ya tope" hufikiria matope laini. Kilichopita hapa kinafanana zaidi na zege inayomiminwa kutoka kwenye mashine ya kukorogea. Kipande cha mlima kinapoteleza kikiwa kizima, hilo ni poromoko la kawaida, na mara nyingi haliendi mbali na pale lilipoanzia. Kikivunjika na kuingia kwenye korongo lenye maji, kinageuka kitu kingine: tope zito kiasi kwamba mawe huelea. Mawe makubwa hayazami ndani yake kama yanavyozama mtoni. Husukumwa mbele, yakakusanyika kwenye uso wa mtiririko pamoja na magogo, na kila mita ya korongo inaongeza mzigo, kwa sababu tope linakwangua kingo na kitako linapopita. Ndiyo maana kinachofika bondeni huwa kikubwa kuliko kilichovunjika juu.

Kwenye kona moja ya korongo mwongozaji alinionyesha jambo ambalo sikuwahi kulisoma. Upande wa ndani wa kona, alama ya tope kwenye magome ya miti iko usawa wa kiuno. Upande wa nje, juu ya mti wa rika moja na wa kwanza, iko juu ya kichwa changu, na mimi si mfupi. Tope liliinama kama pikipiki inavyoinama kwenye kona. Kwa kulinganisha kimo cha pande hizo mbili, wahandisi huweza kukisia kasi iliyokuwa nayo. Mimi sikuwa na vipimo, nilikuwa na mgongo wangu tu, na mgongo uliniambia kwamba hakuna mtu ambaye angeweza kukimbia.

Hatua kama mia mbili chini ya kona hiyo, tope limekata ukingo wa korongo wima, na ukuta uliobaki unasomeka. Juu kabisa kuna tabaka la Desemba 2023, la rangi ya kijivu, mawe yametupwa bila mpango, madogo kando ya makubwa. Chini yake kuna udongo mweusi wenye mizizi, yaani ardhi ambayo watu walikuwa wakiikanyaga hadi usiku ule. Na chini ya udongo huo mweusi, kuna tabaka jingine la mawe yaliyotupwa bila mpango. Niliketi juu ya begi langu nikalitazama. Mto wa kawaida hupanga mawe yake kwa ukubwa. Kinachoyaacha vurugu namna ile ni zege kama hii. Tabaka la chini halina tarehe, lakini udongo wa unene ule juu yake haujengeki kwa miaka kumi wala hamsini.

Ndipo niliporudi kwenye sentensi ya jana. Maji ya mlima ndiyo yaliyojenga mji, kwa maana mbili. Yaliwavuta watu, na kabla ya hapo, yakiwa yamechanganyika na mlima wenyewe, yalijenga hata kiwanja. Mdomoni mwa kila korongo kubwa la Hanang kuna mteremko mpole uliotanuka kama ungo ulioinamishwa, wenye udongo mzito na visima vifupi. Ni mahali pazuri kuliko pote kwa kijiji. Umetengenezwa na mitiririko iliyotangulia, na korongo lililoutengeneza bado linaelekea hapo hapo.

Saa sita mchana tuliona kovu lenyewe, ng'ambo ya bonde: bapa refu la mwamba uliovuliwa nguo, lenye ncha juu na kutanuka chini. Pande zake zote mbili ni msitu uliosimama. Ningependa kukaa hapa kidogo, kwa sababu tangu 2023 nimesikia viongozi, wahubiri na walimu wenzangu wakisema Hanang ilianguka kwa kuwa watu wamekata miti. Kovu hili liko ndani ya hifadhi, juu ya mashamba yote. Somo la Mgeta, kwamba mizizi huzuia, ni kweli kwa udongo wa mita moja juu ya mteremko wa shamba. Hapa majivu ya volkano yaliyooza na kuwa udongo yamelala juu ya lava ngumu, mteremko ni mkali kama paa la kanisa, na mvua ya wiki nyingi ilikuwa imekwisha kushuka chini ya mizizi yote kabla ya mvua ya usiku wa mwisho. Miti haikushona chochote; iling'oka pamoja na udongo iliosimamia, ikawa magogo yaliyobomoa kuta za Katesh. Kupanda miti ni jambo jema na nitaendelea kulifundisha. Kuwaambia wafiwa kwamba wangepanda miti wangepona ni kuwatwisha kosa ambalo mlima hauwadai.

Mwongozaji wangu, ambaye alipoteza ndugu wawili, alinisikiliza nikiyasema hayo, akajibu tu kwamba mwezi ule wote wa Novemba chemchemi za juu zilikuwa zikitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wote waliyaona. Hawakujua yanasema nini.

Jumamosi, 21 Juni. Waret

Serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania wamejenga zaidi ya nyumba 100 katika kijiji cha Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Ni nyumba za tofali zenye paa la bati, zimepangwa kwa mistari, zote zinatazamana kama wanafunzi kwenye paredi. Nilifika kwa bodaboda upepo ukivuma na vumbi likipanda. Kutoka hapa mlima unaonekana wote, kwa mbali, na nadhani umbali huo ndio uliokuwa kusudi.

Mama mmoja alinikaribisha chai. Nyumba yake ni safi, ameotesha mchicha kwenye ndoo zilizotoboka, na kwenye ukuta wa sebule ameweka picha moja tu, ya binti aliyevaa joho la mahafali. Sikuuliza. Tulizungumza habari za maji, kuni, shule. Alisema analala vizuri hapa, na mvua ikinyesha usiku haamki tena kusikiliza. Kisha akasema kwamba shamba lake limebaki Gendabi, na kwamba mwanamke wa Kiiraqw asiye na shamba ni mgeni hata nyumbani kwake.

"Kwa hiyo unakwenda?"

"Tunakwenda, mwalimu. Alfajiri tunakwenda, jioni tunarudi. Baba watoto yuko huko sasa. Kesho ukienda utamkuta."

Jumapili, 22 Juni. Gendabi

Nilifika wakati kengele ya kanisa ikilia, na barabara ilikuwa imejaa watu waliovaa vizuri, watoto wameshika viatu mkononi ili visipate vumbi kabla ya ibada. Jumapili ile nyingine ilikuwa saa kama hizi, au mapema kidogo. Wengi walikuwa bado vitandani.

Gendabi iliumia vibaya, na haikufagiliwa kama mji, kwa kuwa hapa tope halikuwa na mahali pa kupelekwa. Limekaa. Eneo lililopitiwa ni pana kuliko viwanja kadhaa vya mpira, limejaa mawe yenye ukubwa wa mbuzi, ya ng'ombe, na mengine machache yenye ukubwa wa chumba. Katikati ya mawe hayo kumeota nyasi, mibono, na kwa mstari kabisa, alizeti.

Mume wa yule mama alikuwa hapo, jembe begani, hakwenda kanisani. Nilimwamkia akaniitikia kwa upole, na nilipotaja Waret na chai alicheka akasema basi mimi ni mgeni wa nyumbani. Alinizungusha. Jiwe moja analitumia kuanikia mahindi. Limelala mahali palipokuwa jiko la jirani yake. Jingine limepasuka katikati na katika ufa wake kunguru wamejenga. Alinionyesha mahali korongo jipya lilipojichimbia, mita nyingi kando ya lile la zamani, na hilo lilinishtua kuliko ukubwa wa mawe. Watu waliojenga mbali na korongo la zamani walikuwa wamejenga kwa busara. Tope lilipofika kwenye ungo ule wa ardhi liliziba njia yake lenyewe kwa mawe, likachagua nyingine, na nyingine hiyo ilipita vitandani mwao.

Nilimuuliza kuhusu udongo. Aliinama, akauchukua, akaufikicha kati ya vidole, akanipa na mimi. Ulikuwa laini kuliko nilivyotarajia, mweusi kidogo.

"Huu ni wa juu, wa msituni," alisema. "Umeshushwa wote hapa. Mbolea sitii. Mwaka jana nilipata gunia nyingi kuliko miaka yote tangu nioe."

"Na ukiona mvua?"

"Wingu likikaa juu ya mlima siku mbili bila kuondoka, siji. Hiyo tumejifunza. Maji ya chemchemi yakibadilika rangi, hata wingu silingoji."

Nilifurahi kusikia hivyo, na nikaandika maneno yake kwenye daftari kwa ajili ya darasa langu. Hapo ndipo nilipoona kibanda. Kilikuwa mwisho wa shamba, kimeegemezwa kwenye jiwe lile kubwa kuliko yote, upande wa chini usiopigwa na upepo: nguzo nne, kuta za mabua, juu karatasi la nailoni lililokandamizwa kwa mawe. Alisema ni cha kulindia alizeti dhidi ya ndege na wezi. Nilichungulia. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, blanketi lililokunjwa, na redio ndogo ikining'inia kwenye msumari. Upande mmoja ukuta wa mabua ulikuwa umeanza kukandikwa, kuanzia chini hadi usawa wa goti, na udongo ule ulikuwa bado mbichi.

"Ni kwa msimu wa mavuno tu," alisema, akapangusa vidole vyake kwenye suruali.